Wabeba Amana wa Sarandibu

Kisiwa ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, na ambacho wazee wetu wa pwani walikijua kwa jina la Seilani, na Waarabu kabla yao kwa jina la Sarandibu, hakijapata kuwa mbali nasi kama ramani inavyotaka kutuonyesha. Kwani bahari iliyo baina yetu na wao ni moja, na kaskazi inayovuma huku ndiyo ivumayo huko, na Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alishuka Kilwa akamsifu sultani wake kwa ukarimu, ndiye yule yule ambaye mwaka 1344 alipanda mlima mrefu wa kisiwa hicho ili auone unyayo ulio katika jiwe la kileleni, ambao Waislamu husema kuwa ni wa Nabii Adam, na Wabuddha husema kuwa ni wa Buddha, na Wahindu husema kuwa ni wa Shiva.

Lakini mimi sikwenda Seilani kwa ajili ya mlima. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma habari za watu walioibeba dini ya Buddha kutoka nchi hata nchi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuvutiwa, si na mafundisho yenyewe, ambayo yana wanavyuoni wake wanaoyajua kuliko mimi, bali na wale waliopokezana mafundisho hayo, mmoja akimkabidhi mwenziwe, kwa zaidi ya karne 20, katika njaa na vita na dhoruba za bahari. Mimi ni Muislamu niliyelelewa katika chuo cha Kurani, na sisi tuliolelewa humo tunaijua thamani ya silsila: ya kuwa elimu haisimami kwa kitabu peke yake, bali mwanafunzi ataulizwa amesoma kwa nani, na mwalimu wake naye alisoma kwa nani, mpaka mwulizaji afike kwenye chanzo. Nilitaka kuiona kwa macho silsila ya watu wengine, na kwa watu wa dini ile sikuona mahali iliposhikwa kwa taabu nyingi zaidi kuliko Seilani.

Chanzo chake kinajulikana. Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepal, aliiacha nyumba ya enzi na raha zake, akaupata mwangaza wake chini ya mti huko Bodh Gaya, akatoa waadhi wake wa kwanza Sarnath karibu na Banaras, na akafariki Kushinagar akiwa na umri wa miaka 80, bila ya kuacha hata waraka mmoja wa mkono wake. Yote aliyoyasema yalibaki vifuani mwa wanafunzi. Baada ya muda mrefu ikafika zamu ya Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya, ambaye aliivunja nchi ya Kalinga kwa vita, kisha akashikwa na majuto, akaamuru majuto yake yachongwe juu ya mawe, akitaja kwa hesabu watu 100,000 waliouawa na 150,000 waliohamishwa makwao. Wafalme walioandika ushindi wao juu ya mawe ni wengi mno. Aliyeandika toba yake, ili kila mpita njia aisome, ni nadra. Huyo ndiye ambaye, kwa riwaya ya Wasinhala wa Seilani, aliwatoa wanawe wawili, Mahinda na Sanghamitta, akawapeleka kisiwani, katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Mihintale, mahali walipokutana Mahinda na mfalme wa kisiwa, ni kilima cha majabali kilichoko kiasi cha kilomita 13 mashariki ya Anuradhapura, nacho hupandwa kwa ngazi 1,840 za mawe, zilizopanuka sana kule chini na kupunguka kadiri mtu anavyokwea. Juu yake kuna uwanda ambao haukanyagwi kwa viatu, na mimi nilifika wakati wa adhuhuri, jiwe limekwisha kulewa jua, nikaona wenyeji wenye busara wamevaa soksi. Hadithi yao yasema kwamba Mfalme Devanampiya Tissa alikuwa akiwinda paa, akasikia sauti ikimwita kwa jina lake tupu, bila ya cheo, jambo ambalo hapana mtu katika nchi aliyethubutu kulitenda. Akageuka, akamwona mtawa aliyenyoa kichwa. Kabla ya kumfundisha neno lolote, Mahinda alimwuliza mti ule uliokuwa karibu nao ni mti gani. Mfalme akajibu kuwa ni mwembe. Akaulizwa kama iko miembe mingine, akasema iko mingi. Akaulizwa kama iko miti isiyokuwa miembe, akasema nayo ni mingi. Kisha akaulizwa, ukiiondoa miembe hiyo mingine yote, na miti yote isiyokuwa miembe, hubaki mti gani? Mfalme akajibu kwamba hubaki mwembe huu uliopo mbele yetu, na hapo mtawa akajua kuwa amempata mtu wa kufundishwa. Mtihani huu naupenda sana. Mwalimu yule hakumtaka mfalme aamini kwanza; alimtaka aweze kukitambua kitu kimoja katikati ya vingi vinavyofanana nacho, na asipotee katika hesabu akakisahau kile alichoanza nacho.

Hata hivyo aliyenivuta zaidi ni dada yake. Mahinda alipokwisha kuwaingiza wanaume katika utawa, Anula, aliyekuwa mke wa ndugu yake mfalme, akataka na yeye kuingia pamoja na wanawake wenzake. Mahinda akajibu kwamba hana idhini ya kuwapokea wanawake, kwa kuwa kanuni inataka mwanamke apokewe na wanawake waliokwisha kuwa watawa, basi na apelekwe mjumbe Pataliputra kwa Ashoka, aje Sanghamitta. Naye akaja kwa merikebu, pamoja na watawa wenzake wa kike, amechukua tawi la kusini la ule mti wa Bodh Gaya, limepandwa katika chombo cha dhahabu. Na riwaya yasema kwamba mfalme alilipokea tawi lile katika bandari ya Jambukola, upande wa kaskazini, akiwa amesimama baharini na maji yamemfika shingoni. Fikiri basi ni mzigo gani aliokabidhiwa mwanamke yule: mti ulio hai, ambao ukikosa maji siku chache hufa, na idhini iliyo hai pia, ambayo haimo katika waraka wala pete, imo katika nafsi za wale waliokuja naye, na wakizama wao nayo imezama.

Mti wenyewe bado uko Anuradhapura, na hapana mti mwingine duniani uliopandwa kwa mkono wa binadamu ambao tarikhi yake imehifadhiwa kwa muda mrefu kama huu. Ni wa jamaa moja na mkuyu wetu, ila jani lake lina umbo la moyo lenye ncha ndefu iliyochongoka, na kikonyo chake ni chembamba hata jani hutetemeka bila ya upepo wa kuonekana. Usidhani kwamba utakuta jiti kubwa la kutisha. Uko juu ya jukwaa lililozungushiwa ukuta na wavu wa rangi ya dhahabu, na tawi lake la kale, lililo jembamba kama mkono wa mgonjwa, limeegemezwa juu ya magongo yaliyopakwa dhahabu, huku miti mingine ya uzao wake ikiuzunguka kuukinga na dhoruba. Nje ya lango wachuuzi huuza maua ya yungiyungi, na mmoja wao, mama wa makamo, alinifundisha namna ya kuyatayarisha: huyashika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole gumba cha kulia hulikunja kila jani la ua kwa ndani, moja baada ya moja, mpaka ua lililokuwa limefumba linafunguka kama bakuli. Alifanya hivyo bila ya kutazama, huku akiwahudumia wateja wengine watatu. Wasomaji wa Dar es Salaam hawana haja ya kuvuka bahari kuuona mti wa namna hii, kwa kuwa Wasinhala waliokuja Tanganyika kufanya kazi walijenga hekalu lao mjini humo, na katika uwanja wake wakapanda mti wa Bodhi.

Huko Anuradhapura pamemwagika damu pia. Mwezi wa Mei mwaka 1985 wapiganaji wa Kitamili waliingia mjini Anuradhapura wakawapiga risasi raia na mahujaji, wakafa zaidi ya watu 100. Na vita vya wapiganaji hao na serikali, vilivyowaka mwaka 1983 baada ya Watamili wa Colombo kuchinjwa na kuchomewa nyumba, viliendelea hadi mwaka 2009, na mwisho wake wakaangamia Watamili wasiokuwa na silaha kwa maelfu. Nimeyataja haya kwa sababu mtu anayewasifu wabeba amana ni lazima aseme pia kwamba amana ile ya huruma imekaa katika nyumba ya watu, na watu wa nyumba ile wameuana.

Kaskazini ya mti wa Anuradhapura kuna magofu ya nyumba ya watawa ya Abhayagiri, ambayo ndani yake nilimkumbuka msafiri mwingine, Faxian, mtawa wa Kichina, aliyetoka Chang'an mwaka 399 akiwa mtu mzima wa makamo yaliyopita, akavuka jangwa na milima kwa miguu kwenda India kutafuta vitabu vya kanuni za utawa, kwa kuwa vile vya kwao vilikuwa pungufu. Wenzake wengine walifia njiani, wengine wakarudi, wengine wakaamua kubaki India. Akafika Seilani peke yake, akakaa miaka miwili. Siku moja, hapo Abhayagiri, mbele ya sanamu ya Buddha ya jiwe la yashi, alimwona mfanyabiashara akitoa sadaka upepeo mweupe wa hariri ya Kichina, na mtu yule aliyestahimili theluji na kiu bila ya kulalamika, macho yakamjaa machozi. Yeyote aliyekaa ugenini muda mrefu, kisha akaona katika duka la watu kitu kimoja tu cha kwao, anaelewa hali yake. Alirudi kwa bahari, akakoswakoswa na kifo katika dhoruba, lakini vitabu alivifikisha.

Dambulla ni mji wa soko la mboga na wa mapango yenye sanamu na michoro ya kale, ambayo yamesifiwa na wengi nami siyazidishii sifa. Mimi nilikuwa na miadi na mtawa mmoja wa kike, mwanamke wa umri wa kuwa na wajukuu, ambaye wenyeji humwita mama kama wanavyowaita wote walio katika hali yake. Naye alinipokea katika nyumba yao iliyoko nje ya mji, wakati wanawake wa kijiji wamekuja kuwapikia watawa chakula, kwani watawa hawali baada ya adhuhuri. Mlangoni mwa jiko binti mmoja alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mbuzi ile ile ya kwetu, yenye ulimi wa chuma wenye meno, na tui lilipokamuliwa harufu yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

Mama yule alinieleza kwa utaratibu habari ambayo nilikuwa nimeisoma vipande vipande. Silsila ya Sanghamitta iliendelea kisiwani kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka Wachola wa India ya kusini walipoiteka Anuradhapura mwishoni mwa karne ya 10, nyumba za watawa zikatawanyika, na katika karne ya 11 ule mnyororo wa wanawake ukakatika. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, aliyewafukuza Wachola mwaka 1070, aliomba watawa kutoka Burma ili kuufufua utawa wa wanaume; utawa wa wanawake haukufufuliwa. Basi kwa karne zaidi ya 9 mwanamke wa Seilani aliyetaka kuiacha dunia alinyoa kichwa, akavaa nguo ya manjano, akashika amri 10, akaishi maisha magumu kuliko ya watawa wengi wa kiume, na bado mbele ya kanuni akahesabiwa kuwa si mtawa kamili, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke wa kumpokea.

Lakini zamani, kabla ya msiba huo, nahodha mmoja jina lake Nandi aliwachukua watawa wa kike wa Kisinhala katika merikebu yake hadi China mwaka 429. Na kwa kuwa hawakutimiza idadi inayotakiwa, akarudi tena mwaka 433 na wengine, wakiongozwa na mwanamke ambaye vitabu vya Kichina humwita Tessara, nao wakawapokea katika utawa wanawake wa Kichina zaidi ya 300. Kule uzi haukukatika. Ukaenea hadi Korea na Taiwan. Mwezi wa Desemba mwaka 1996, huko Sarnath, Bibi Kusuma, aliyezaliwa mwaka 1929 na ambaye alikuwa mwalimu na mama wa watoto kabla ya kushika utawa, alipokewa pamoja na wenzake kwa msaada wa watawa wa Kikorea. Na mwaka 1998 upokezi ukafanywa Dambulla kwenyewe, kwa ridhaa ya mkuu wa watawa wa hapo, Inamaluwe Sri Sumangala.

Wakuu wengi wa watawa wa kiume hawakukubali, nao husema kwamba uzi uliorudi kutoka China umepita katika madhehebu nyingine na kwa hiyo si ule ule, na kwa miaka mingi serikali nayo ilikataa kuwaandikia wanawake hawa cheo chao katika vitambulisho. Nimezisikiliza hoja hizo kwa heshima, lakini haziniridhishi. Aliyeweka akiba yake kwa jirani, nyumba yake ikaungua, kisha jirani akamrudishia akiba ile kwa uaminifu, hawezi kuikataa kwa sababu imekaa katika sanduku la watu wengine. Nilipomwuliza Mama kama anaona uchungu, alijibu kwamba uchungu ungempotezea wakati, maana kuna wasichana wanaosubiri kufundishwa. Kisha akaniambia nile wali wangu kabla haujapoa.

Ukishuka kusini kwa njia ya Kandy, kabla ya kufika Matale, utakuta kando ya barabara majabali makubwa yaliyoegemeana, na ndani ya nyufa zake mapango: hapo ndipo Aluvihara, na kwangu mimi hapana mahali pengine kisiwani panapostahili taadhima zaidi. Katika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wakati wa Mfalme Vattagamani Abhaya, vita na njaa kuu viliipata nchi, watawa wakafa au wakakimbia, na riwaya zasema kwamba wengine waliishi kwa kula mizizi na majani huku wakiendelea kukariri mafundisho wasije wakayasahau. Mpaka wakati huo maneno yote ya Buddha, ambayo yakichapwa hujaza makabati, yalihifadhiwa kwa moyo, kila kundi la watawa likiwa na sehemu yake. Waliosalimika wakaona hatari: sehemu fulani ikibaki katika kifua cha mtu mmoja, naye akafa, imekwenda. Wakakusanyika hapa, wakayaandika.

Msomaji aliyehifadhi Kurani, au aliyelelewa na aliyehifadhi, atakuwa amekwisha kukumbuka vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi hata Sayyidna Umar akamshauri Khalifa Abubakar kwamba Kitabu kikusanywe kisipotee, na Abubakar akasita kwanza, akiogopa kufanya jambo ambalo Mtume hakulifanya. Watu wa dini mbili zisizofahamiana, katika nchi mbili na karne mbalimbali, walishikwa na hofu moja. Majina ya wale wa Aluvihara hayasomwi na watoto shuleni kama yanavyosomwa majina ya wafalme, na hilo lanisikitisha.

Mlinzi wa mahali pale, mzee aliyevaa saruni nyeupe, alinionyesha jinsi ya kuandika. Ukuti wa mti mmoja mkubwa wa huko, wa jamaa ya mitende, huchemshwa, hukaushwa, hulainishwa, na kukatwa vipande virefu vyembamba; mwandishi hushika kipande kwa kiganja cha kushoto, na kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali hukwaruza herufi za mviringo, kwa sababu mstari ulionyooka ungelipasua jani. Ukitazama wakati huo huoni kitu ila mikwaruzo myeupe. Kisha akapaka mafuta yaliyochanganywa na masizi ya mkaa, jani lote likawa jeusi, likaonekana limeharibika. Akalipangusa kwa unga, weusi ukatoka juu ukabaki ndani ya mikwaruzo tu, na jina langu likatokea kwa herufi za Kisinhala. Majani ya namna hiyo yaliyokuwa hapo yaliteketea mwaka 1848, wakati Waingereza walipokuwa wakiuzima uasi wa Matale. Mafundisho hayakupotea, kwa kuwa yalikwisha kunakiliwa kwingi, na kwa kuwa katika karne ya 5 Buddhaghosa, mwanachuoni aliyekuja kutoka India, alikwisha kuzihamisha tafsiri za wazee wa Anuradhapura kutoka Kisinhala hadi Kipali, ili wasomaji wa nchi zote waweze kuzipata. India ilikuwa imewapa Wasinhala dini; Mhindi akaja kwao kuichukua elimu yake.

Kandy ni mji wa ziwa na ukungu, na watu huenda huko kulizuru Hekalu la Jino la Buddha. Mimi nilivuka upande wa pili wa ziwa, penye nyumba ya watawa ya Malwatta, kwa sababu mwaka 1753 silsila ya wanaume, iliyokuwa imekatika tena hata hakupatikana watawa kamili watano katika kisiwa kizima, iliungwa hapo na Upali, mtawa aliyekuja kutoka Siam kwa ombi la Welivita Saranankara, mtu ambaye nusu ya umri wake aliitumia kuwasihi wafalme wapeleke wajumbe nje. Walipopata walichokitafuta, baada ya muda si mrefu wakakifunga: upokezi katika silsila ile ukawa ni wa watu wa tabaka moja tu, wenye mashamba. Waliokataliwa hawakukaa kulia mlangoni; walivuka hadi Burma, wakapokewa huko, na mwaka 1803 wakarudi na silsila yao wenyewe.

Katika msitu wa Udawattakele, juu ya mji huo huo, aliishi kwa miaka mingi Nyanaponika, Mjerumani wa nasaba ya Kiyahudi aliyezaliwa Hanau mwaka 1901, ambaye alikuja Seilani mwaka 1936 kuwa mtawa, akamwokoa mama yake kutoka mikononi mwa Manazi kwa kumleta huko, na vita vilipoanza akakamatwa na Waingereza kwa kuwa ni Mjerumani, akafungwa kambini Dehra Dun, India, ambako aliendelea kufasiri vitabu. Shirika la uchapaji aliloliasisi pamoja na wenzake mwaka 1958 bado lina duka lake kando ya ziwa, na huko niliacha fedha nyingi kuliko nilivyokusudia.

Colombo ilikuwa kituo changu cha mwisho. Mbele ya stesheni ya Fort kuna sanamu ya Mmarekani mwenye ndevu ndefu: Kanali Henry Steel Olcott, aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alivutwa huku na habari za mjadala wa Panadura wa mwaka 1873, ambapo mtawa Migettuwatte Gunananda, msemaji hodari, alisimama mbele ya maelfu ya watu kujibizana na wachungaji wa Kikristo, wakati ambapo shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Olcott alishuka Galle mwezi wa Mei mwaka 1880, akaingia dini ya Buddha mbele ya watu, na akaanza kujenga shule.

Kijana aliyekuwa mkalimani wake ndiye aliyewapita wote. Alizaliwa Colombo mwaka 1864, akapewa jina Don David Hewavitarne, akasoma katika shule za Kikristo, kisha akajiita Anagarika Dharmapala. Mwezi wa Januari mwaka 1891 alifika Bodh Gaya, akaukuta mti na hekalu vimo katika mamlaka ya kasisi wa Kihindu na mahali pamedharauliwa, akaapa kutoondoka mpaka heshima yake irudi. Mwaka huo huo akaanzisha Maha Bodhi Society. Mwaka 1893 akahutubia mkutano wa dini zote huko Chicago. Na aliporudi kwa njia ya Honolulu akakutana na Mary Foster, mwanamke wa Hawaii ambaye kwa miaka mingi alimpa mali ya kujengea shule na mahekalu. Mwaka 1931 akalifungua hekalu la Sarnath, akapanda huko mche uliotoka katika mti wa Anuradhapura.

Siwezi kumsifu bila ya kusema neno jingine. Dharmapala aliandika dhidi ya Waislamu wa kisiwa hicho maneno makali ya chuki, na mwaka 1915 Wasinhala walipozivunja nyumba na maduka ya Waislamu, maneno yale yalikuwa yamekwisha kuandaa mioyo. Ndugu yake mwenyewe, Edmund, alikamatwa na Waingereza katika ghasia zile akafia gerezani, na msiba huo haukumlainisha. Aliibeba amana kutoka bahari hata bahari, na katika mkono huo huo akabeba moto. Mambo yote mawili ni yake, na anayemwandika ni wajibu ayaandike yote mawili. Alifariki Sarnath tarehe 29 Aprili 1933, muda mfupi baada ya kupokewa kuwa mtawa kamili, kabla ya kuipata Bodh Gaya. Mwaka 1949 ndipo sheria ilipowapa Wabuddha nafasi katika baraza la kulisimamia hekalu.

Mwaka uliofuata, 1950, Bhimrao Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na ambaye alizaliwa katika watu walioitwa najisi wasioguswa, alikuja Seilani kuhudhuria mkutano wa Wabuddha wa dunia uliofanyika Kandy. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake, na tarehe 6 Desemba akafariki.

Katika ua wa jumba la Maha Bodhi Society, mtaa wa Maligakanda, nilikutana na jamaa waliotoka Nagpur, wajukuu wa watu waliosimama katika uwanja ule mwaka 1956. Mkubwa wao, mzee mstaafu wa reli, aliposikia kwamba nimetoka Anuradhapura, alinishika mkono akataka nimweleze yote: garimoshi huondoka saa ngapi kutoka Fort, mti uko mbali gani na stesheni, na kama kweli mtu yeyote huruhusiwa kusogea mpaka ukutani, bila ya kuulizwa ametoka tabaka gani. Nilimwambia kwamba mimi, mgeni na Muislamu, nilisogea na hakuna aliyeniuliza lolote. Akawageukia wajukuu akawafasiria kwa Kimarathi. Kisha nikamshauri wanunue soksi nene hapo hapo Colombo, kwa kuwa kule Mihintale mawe huunguza, na waende asubuhi.